Moto usioonekana: Tuliza mwili wako ukiwa bado kijana

UKIJIKATA kidole ukikatakata sukuma wiki, unajua kitakachofuata. Kidole kinavimba, kinapata joto na kuuma. Baada ya siku chache kinapona, na maisha yanaendelea. Hiyo ni kinga ya mwili ikiwa kazini: imetuma askari wake, wamepigana na viini, wamesafisha uwanja, wamerudi kambini.

Wataalamu wa afya huita hali hiyo inflamesheni. Ni moto mzuri. Bila huo, hata mchubuko mdogo ungekumaliza.

Balaa huanza askari wanapokataa kurudi kambini. Moto unabaki ukifukuta chini kwa chini, kama makaa yaliyofunikwa na jivu, mwezi baada ya mwezi. Hakuna uvimbe wa kuona wala maumivu ya kukupeleka hospitali. Lakini unaendelea kuguguna kuta za mishipa ya damu, ini, viungo na hata ubongo.

Mwaka wa 2000, mtafiti wa Italia Claudio Franceschi na wenzake waliupa moto huu jina lake kwa kuunganisha maneno mawili, inflamesheni na uzee. Waliona kwamba huongezeka kadiri umri unavyosonga, ukiandamana na magonjwa ya moyo, kisukari na kupoteza kumbukumbu.

Najua unachowaza. Uko na miaka 24, unalipa rent, unatafuta kazi au unasukuma hasla mbili kwa wakati mmoja. Hayo ya uzee si ni ya kina shosho na guka? La. Makaa haya huanza kuwashwa mapema, na mengi huwashwa na vitu vya kila siku: usingizi wa saa nne, soda badala ya maji, kuketi kutwa nzima, sigara na shisha.

Je, ni uzee au ni maisha?

Mwaka wa 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, na ambao damu yao ilionyesha dalili za moto huu, waligawanywa makundi. Baadhi walidungwa dawa ya kuutuliza, dawa ambayo haikupunguza kolesteroli yao mbaya. Wengine walidungwa sindano isiyo na dawa. Waliopata dawa walipatwa na mishtuko michache zaidi. Lakini pia miongoni mwao vifo kutokana na maambukizi viliongezeka.

Funzo ni mawili. Kwanza, moto huu huchangia ugonjwa wenyewe, si moshi tu unaotokea baadaye. Pili, ukiuzima wote, unawanyang'anya askari wako silaha. Kwa hivyo shabaha ni kuutuliza, si kuumaliza.

Kuna jambo jingine la kutia moyo. Mwaka wa 2025, watafiti walilinganisha damu ya watu wa Italia na Singapore na ile ya Watsimane, jamii inayoishi kwa kulima, kuvua na kuwinda katika misitu ya Bolivia, pamoja na Waorang Asli wa Malaysia. Kwa Waitalia na Wasingapore, moto ulipanda kadiri umri ulivyopanda. Kwa jamii hizo nyingine mbili, haukufuata mkondo huo. Si ati maisha yao ni peponi, maana minyoo na maambukizi huwasumbua sana. Lakini inaonyesha kwamba moto wa uzeeni haukuandikwa tu kwenye umri. Namna unavyoishi ina sauti kubwa.

Anzia kwenye sahani

Habari njema ni kwamba chakula kinachotuliza moto huu kiko sokoni karibu na keja yako, na hakihitaji mtu wa kukuuzia kozi mtandaoni.

Maharagwe, ndengu, githeri, managu, terere na matunda yana nyuzinyuzi nyingi. Wewe huwezi kuzisaga tumboni, lakini bakteria wazuri walio kwenye utumbo mpana wanazipenda. Wakizila, hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuwaambia askari wa kinga watulie. Ukiwanyima nyuzinyuzi kwa kula chipo na mkate mweupe wiki nzima, wanakosa kazi na ulinzi huo unapungua.

Vyakula vilivyochachushwa pia vinasaidia. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2021, watu wazima 36 walifuatiliwa. Waliokula vyakula kama mtindi kila siku kwa wiki 10 walipata bakteria wa aina nyingi zaidi tumboni, na protini 19 za inflamesheni zikapungua kwenye damu yao. Ni utafiti mdogo, lakini maziwa lala hayana gharama ya kukutisha. Nunua yasiyotiwa sukari.

Usidharau omena. Samaki hawa wadogo wana mafuta ya omega-3, ambayo mwili huyatumia kutengeneza kemikali za kuzima moto kazi ikishaisha. Kipimo kimoja cha omena kwa mama mboga kinalisha watu kadhaa.

Kisha kuna sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu unazopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani karibu vijiko sita vya chai. Chupa ya nusu lita ya kola ya kawaida ina takriban vijiko 13. Chupa moja tu, na umeshapita.

Vipi kuhusu manjano na tangawizi?

Tia kwenye chakula chako bila wasiwasi. Manjano yana kurkumini, ambayo maabarani imeonyesha nguvu ya kutuliza inflamesheni. Tatizo ni kwamba mwili huinyonya kidogo sana. Pilipili manga huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu, ndiyo maana wauzaji wa vidonge huchanganya vyote viwili.

Hapo ndipo uwe makini. Kijiko cha manjano kwenye mchuzi si sawa na vidonge vyenye dozi kubwa. Kuna watu katika nchi mbalimbali ambao maini yao yameharibika baada ya kumeza vidonge hivyo. Anayekuuzia chupa ya 'kusafisha mwili' kwenye TikTok hajapima ini lako. Pesa hizo zingekununulia maharagwe na mboga za wiki mbili.

Vilevile, usifanye dawa za maumivu kama aibuprofeni na daiklofenaki kuwa peremende. Zinatuliza uvimbe, ndio, lakini ukizimeza kila siku bila ushauri wa daktari zinaweza kuchoma tumbo na kuharibu figo.

Tembea, lala, piga mswaki

Misuli inapofanya kazi hutoa kemikali zinazotuliza moto. Mazoezi pia hupunguza mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka viungo vya ndani, ambayo yenyewe ni kiwanda cha inflamesheni. Huhitaji gym. WHO inapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Shuka kwenye matatu steji moja au mbili kabla ya yako, utembee kwa kasi.

Usingizi nao si uvivu. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Ukikesha usiku baada ya usiku, iwe ni kwa sababu ya kazi, mechi au simu, kinga yako huchukulia kwamba uko hatarini, na makaa yanachochewa. Kama unafanya shifti ya usiku, linda saa zako za kulala mchana kama unavyolinda mshahara: pazia zito, simu mbali.

Na hili wengi hawalijui: fizi zinazotoka damu ni moto mwingine unaowaka kila siku. Ugonjwa wa fizi umehusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari. Mswaki mara mbili kwa siku ni kinga ya bei rahisi kuliko zote. Kuacha sigara ndiko kunakookoa pesa na mishipa kwa pamoja.

Usijitibu kila kitu

Kuna moto ambao ndengu haitauzima. Ukiamka na vidole au magoti yaliyokakamaa kwa zaidi ya nusu saa, siku baada ya siku, au ukiwa na uvimbe wa viungo, homa isiyoisha au kupungua uzani bila sababu, muone daktari. Baridi yabisi na lupasi huwapata vijana pia, hasa wasichana, na kuchelewa kutibiwa huacha madhara ya kudumu.

Kwa wengine wote, usijaribu kubadilisha maisha yote Jumatatu moja. Chagua moja wiki hii. Badilisha soda ya mchana iwe maji, au lala saa moja mapema. Likishakuwa mazoea, ongeza la pili. Mwili utakaoishi nao ukiwa na miaka 60 ndio huo huo uliokalia sasa ukisoma hapa.