Homa Haingoji Sikukuu Ipite

Mwanzoni mwa Julai 2022, katika kituo cha afya cha Mbekenyera wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, walianza kufika wagonjwa wenye homa, kichwa kinachouma sana, mwili uliochoka kupita kiasi na damu ikiwatoka puani. Walipimwa Ebola, Marburg na Uviko-19, hakuna kilichoonekana. Kwa siku kadhaa nchi nzima iliuita ugonjwa usiojulikana. Tarehe 18 Julai aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza majibu ya maabara: ni leptospirosisi, ambayo kwa Kiswahili wizara iliiita homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa wamefika 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki.

Ugonjwa huo haukuwa mgeni duniani, wala Tanzania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walikuwa wakiufuatilia kwa miaka mingi kwenye panya, mifugo na watu. Unasababishwa na bakteria anayetoka kwenye mkojo wa mnyama, hasa panya, akaishi majini au kwenye tope, kisha akampata mtu kupitia mchubuko wa mguu, macho au mdomo. Na una tiba. Doksisaiklini, dawa ya bei nafuu, humtibu mgonjwa aliyewahi. Aliyezidiwa hutibiwa kwa penisilini au seftriaksoni ya sindano. Anayechelewa, figo hushindwa kazi au mapafu huvuja damu.

Kisa hicho cha Julai nakileta katika makala ya Desemba kwa sababu siku zinazopita kati ya joto la kwanza la mwili na dawa sahihi ndizo zinazoua, uwe ni mgunda, uwe ni malaria. Na hakuna kipindi ambacho siku hizo hurefuka Nachingwea na Ruangwa kama hiki cha katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Mtoto akichemka tarehe 23, jibu ni lilelile nyumba kwa nyumba: tumpe Panadol, tuone, tutaenda baada ya sikukuu.

Ushauri mwingi wa afya ya Desemba unaotufikia kwa simu umeandikwa Ulaya na Marekani, ambako ni msimu wa theluji, mafua na mikusanyiko ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha. Kwetu kusini Desemba ni mwezi wa mvua za kwanza. Lindi haina vuli na masika kama Tanga au Dar es Salaam. Ina msimu mmoja, unaohesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Mbegu inaingia ardhini, mabonde yanaanza kushika maji, na wakati huohuo fedha za korosho zimeshaingia au zinaingia benki, maana minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huwa imeshapiga raundi kadhaa. Shule zimefungwa. Mabasi ya kutoka Dar, yakipita Kibiti, Nangurukuru na Mingoyo, yanashusha watoto na wajukuu. Waislamu ndio wengi mkoani, lakini pilau ya Krismasi huliwa na jirani wote na mwaka mpya ni wa kila mtu. Ni kipindi kizuri kuliko vyote huku, na natamani kila anayekuja aondoke na afya aliyokuja nayo.

Malaria ndiyo ya kutazamwa kwanza. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vimelea kwa takriban watoto 8 katika kila 100 wa chini ya miaka 5. Kwa jirani zetu wa Mtwara ilikuwa karibu 20 kwa 100, kati ya mikoa iliyoongoza. Mvua ikinyesha, yai la mbu huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka. Mbu huyo akimuuma mwenye vimelea, hupita siku nyingine kumi na kitu kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Ndiyo maana mvua ya mwishoni mwa Novemba inazaa wagonjwa wa Krismasi na Januari, wakati ambapo watu wamekwisha kusahau kwamba vidimbwi vya nyuma ya nyumba vimekaa mwezi mzima.

Sasa fikiria nani analala wapi. Nyumba yenye vyandarua vitatu inapokea wageni tisa. Watoto wanatandikiwa mikeka sebuleni, vijana wanalala barazani kwa sababu ya joto, na chandarua kinabaki kwa baba na mama wenye nyumba. Hapo tumegeuza mambo. Mtu mzima aliyeishi Naipanga au Mnacho maisha yake yote ana kinga fulani aliyoijenga kwa kuumwa na mbu miaka mingi. Haimzuii kuugua, ila humpunguzia makali. Mjukuu aliyezaliwa Temeke, Dar es Salaam, hana kabisa kinga hiyo, na baba yake aliyehamia mjini miaka kumi iliyopita imempungua. Mbu mmoja anaweza kumletea bibi maumivu ya kichwa ya siku mbili na kumfikisha mjukuu kwenye degedege. Kwa hiyo mgeni mdogo ndiye wa kwanza kupewa chandarua, na familia inayotoka Dar ifunge chake kwenye begi pamoja na zawadi. Ninyi akina mama wajawazito mnaokuja kusalimia, msikae nje ya chandarua hata usiku mmoja, na dozi ya SP ya kukinga malaria mnayopewa kliniki msiiache kwa sababu ya safari.

Homa ikianza, mtoto apimwe siku hiyohiyo au kesho yake, isizidi. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua kama dakika 15 hadi 20 na kipo hadi kwenye zahanati. Kikisoma malaria, dawa ya mseto hunywewa mara 6 kwa siku 3: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, kila mara na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini. Nataka nilisisitize hili la siku 3 maana ndipo tunapoharibu. Siku ya pili mtoto anacheza, vidonge vilivyobaki vinawekwa kwa ajili ya mwingine, na wiki mbili baadaye homa inarudi. Dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja kupambazuke ni degedege, kutapika kila anachopewa, kushindwa kunyonya au kunywa, kulegea au kutotambua watu. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti, wala si vidonge zaidi.

Na kipimo kikisoma hakuna malaria? Hapa ndipo yale ya Mbekenyera yanapotufaa. Watu wengi wakiambiwa hawana malaria hurudi nyumbani wakiamini hawaumwi, wanapitia duka la dawa muhimu, wananunua diklofenaki, wanaendelea na sherehe. Diklofenaki hushusha homa na kuficha maumivu, na wakati huohuo huzitwisha mzigo figo, ambazo ndizo mgunda unazishambulia. Homa inayoendelea siku ya pili baada ya kipimo safi inamtaka mgonjwa arudi kwa mganga, si kwa muuza dawa. Amweleze mambo ambayo mganga hawezi kuyaona kwa macho: kwamba alilima bondeni kwa miguu mitupu, kwamba ghala lina panya, kwamba aliogelea lamboni, kwamba alichuna panya wa shambani. Wapo wanaomla kama kitoweo tangu enzi za babu zetu. Wakimtayarisha kwa mikono isiyo na vidonda, wakanawa kwa sabuni, wakampika akaiva sawasawa, hatari inapungua sana. Maumivu makali ya misuli ya nyuma ya miguu, macho mekundu yasiyo na tongotongo, macho kugeuka manjano, mkojo kupungua, damu puani: yoyote kati ya hayo pamoja na homa, sema mapema. Dalili zaweza kuanza siku 2 tangu tope likukute, zaweza kuchukua hata mwezi, mara nyingi ni kati ya siku 5 na 14.

Mgeni kutoka mjini hupenda kwenda shambani na wenyeji, nami nafurahi kuona hivyo. Avae gambuti au viatu vilivyofunika mguu. Aliye na kidonda akifunike vizuri, na kama anaweza asikanyage bonde hadi kipone. Mahindi, choroko na mbaazi vilivyomo ndani viwe kwenye vyombo vyenye mfuniko, na watoto wasilazwe kwenye chumba cha ghala hata kama wageni wamezidi.

Gambuti hizohizo zinamfaa mtu kwa nyoka, ambao mvua huwatoa mashimoni. Kifutu hulala tuli njiani hadi akanyagwe. Usiku twende na tochi. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe sumu kwa mdomo. Mguu usitikiswe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, apelekwe hospitali.

Maji nayo yanabadilika bila kutoa taarifa. Mvua za kwanza hukokota vinyesi vya miezi yote ya kiangazi hadi kwenye visima vifupi na mabwawa. Kisima kilichokuwa salama Oktoba si kilekile Desemba. Wanaopata maji ya bomba ya chanzo cha Mbwinji, ambayo huhudumia Masasi na Nachingwea, wana nafuu, ingawa ndoo chafu huharibu hata maji mazuri. Wengine wachemshe au watie dawa ya klorini, wageni wakiwamo, hata wakisema wao wamelelewa kwa maji hayohayo. Mashimo ya kufyatulia matofali yanayojaa maji yawekewe miiba kuzunguka. Mtoto wa mjini hajui kina chake.

Kuhusu chakula nina neno moja tu, na ni juu ya pilau. Wali uliopikwa mchana wa sikukuu ukaachwa sufuriani hadi kesho, kwenye joto letu, huota bakteria wanaotoa sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Upikwe wa kutosha siku hiyo, unaobaki ugawiwe majirani ungali wa moto.

Mabibo yakiisha chini ya mikorosho, uraka, pombe ya mabibo, bado upo, na nipa inayokenekwa kutokana nao ina nguvu ambayo hata mpikaji haijui. Sitamhukumu mtu kwa kinywaji cha nyumbani kwao. Ila aliyekunywa asiendeshe pikipiki, na asipande ya aliyekunywa. Bodaboda ya mshikaki, watu watatu bila helmeti, usiku, kwenye udongo uliolowa: majeruhi wa namna hiyo wengi ni vijana waliokuwa wazima saa moja kabla. Chupa za viuatilifu vya mikorosho zisiwekewe uraka, maji wala mafuta ya taa. Haziwezi kuoshwa zikawa safi.

Sijasahau furaha, maana afya ya Desemba si homa na nyoka pekee. Nyumba nyingi za wilaya hizi mbili huvunjika moyo wakati huu kwa sababu ya fedha za korosho: zimeingia kwenye akaunti ya baba, mama aliyepalilia na kuokota hajui ni kiasi gani, watoto wanataka nguo, ndugu wa mjini wanadhani kijijini kumejaa. Ugomvi unaanzia hapo, mara nyingine kipigo. Familia ninazoziona zikifika Februari zikiwa na amani ni zile zinazokaa chini mapema, mume na mke pamoja, wakatenga sare na madaftari ya Januari, mbegu, na kiasi cha nauli ya hospitali kisichoguswa hata mgeni gani afike. Kiasi hicho cha mwisho wengi hawakitengi, ndiyo maana homa ya tarehe 26 husubiri hadi mtu akope. Na bibi anayewapikia watu kumi na wanne kwa kuni, huku magoti yanamuuma, afurahie wageni wanaochota maji wenyewe. Mpimeni presha siku mkipita kituoni; mwulizeni kama dawa zake zipo. Nanyi mnaotumia dawa za kisukari, presha au za kufubaza VVU, bebeni za wiki mbili zaidi ya siku za safari, pamoja na kadi ya kliniki.

Kabla ya tarehe 24, jueni zahanati yenu itakuwa na nani na namba yake ya simu. Kwa mzigo mzito zipo hospitali za wilaya Nachingwea na Ruangwa, na ya misheni Mnero, ambazo hupokea wagonjwa wa dharura siku ya sikukuu kama siku nyingine. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, namba 115 ya m-mama hupigwa bure na usafiri hutafutwa.

Kisha yapo ya safari ya kurudi. Aliyeng'atwa na mbu usiku wa mkesha wa Krismasi atakuwa mzima siku ya mwaka mpya, atapanda basi akiwa mzima, na homa itamshika Dar es Salaam wiki ya kwanza au ya pili ya Januari. Malaria ni chache jijini siku hizi, na mganga anaweza kuanza na mafua au taifodi. Mgonjwa asingoje kuulizwa. Aseme mwenyewe, mara tu akikaa kitini, kwamba ametoka Ruangwa au Nachingwea, alilala wapi, alikanyaga nini, na ni siku ngapi zimepita tangu aondoke.