Simu ya zamani iliyoko kabatini: mpe mtoto asomee, lakini pesa weka kwingine

Ukifungua droo za kabati katika nyumba nyingi za Rungwe, iwe Tukuyu mjini, Kiwira, Katumba au Masoko, hukosi kukuta simu janja moja au mbili zilizostaafu. Kioo kina ufa, betri haimalizi asubuhi, na iliwekwa pembeni siku ilipoanza kuganda kila ukifungua WhatsApp. Wakati huohuo kuna mtoto wa kidato cha pili anayesema wenzake wanasomea kwenye simu, na mzazi akipiga hesabu ya ndizi, chai au parachichi anaona simu mpya haimo kwenye bajeti ya mwaka huu.

Ile ya kabatini inafaa? Kwa kusomea inafaa, tena na mfumo wake uleule wa zamani. Kwa kuweka pesa haifai. Wazazi wengi hufanya kinyume: simu mpya wanampa mtoto ili asisumbuke, ile iliyochoka wanabaki nayo wenyewe ikiwa na laini ya M-Pesa ndani.

Tuanze na kwa nini simu iliganda. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. RAM ya simu ni kama meza ya kufanyia kazi, na hifadhi ni kama kabati. Meza haijapungua tangu uinunue, ila programu unazoziweka juu yake zimenenepa. Simu ya kwanza ya Android, iliyotoka mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya MB 192 tu. Huawei Ideos, ambayo Wakenya wengi waliianza nayo safari ya simu janja mwaka 2011, ilikuwa na MB 256. Android 4.4 ya mwaka 2013 ilitengenezwa ili iweze kwenda kwenye simu yenye MB 512. Mwishoni mwa 2017 Google walileta Android Go, toleo jepesi kwa simu zenye GB 1 au pungufu. Lakini ilipofika Android 13, hata hilo toleo jepesi likadai GB 2. Kwa hiyo mfumo wa zamani kwenye simu ya zamani ni saizi yake. Tatizo ni programu za leo.

Na programu za leo nazo zinaanza kuikataa. WhatsApp iliacha kuhudumia Android zilizo chini ya toleo la 5 mwaka 2025. Hata wenye vitochi vyenye intaneti, kama Smart Kitochi ambayo Vodacom waliileta Tanzania mwaka 2019, wameonja joto hilo. Vile vinatumia mfumo wa KaiOS, uliozaliwa kutokana na Firefox OS, mradi wa programu huria wa Mozilla. Ni mfumo mwepesi kweli, unatosheka na MB 256. Lakini mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka lake, na kwa wengi WhatsApp ndiyo ilikuwa sababu ya kukinunua. Simu nzima, inawaka, inapiga, ila mlango mmoja mkubwa umefungwa.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Mfumo uliozeeka haupati tena marekebisho ya usalama. Tundu likigunduliwa leo, simu mpya inazibwa, ya zamani inabaki wazi. Hapo ndipo pesa inapoingia. Namba ya siri, ujumbe wa benki, barua pepe inayofungua kila kitu: hivyo visikae kwenye simu ambayo mtengenezaji ameisahau. Huduma za pesa za mitandao yetu hazihitaji simu janja. *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi cha kawaida cha vitufe, kisichojua programu ya kupakua ni nini. Mama anayeuza ndizi Kiwira akiweka laini ya pesa kwenye kitochi na simu janja ikabaki ya mambo mengine, hajarudi nyuma kimaendeleo. Amefunga mlango vizuri.

Simu ya kusomea sasa. Kabla ya kumkabidhi mtoto, hamisha picha na namba zako. Kisha, na hapa watu wengi wamelia, ondoa akaunti yako ya Google kwenye mipangilio KABLA ya kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna ulinzi dhidi ya wezi: simu ikifutwa bila kuondoa akaunti, inaweza kukudai barua pepe na nywila ya mwenye nayo wa mwisho. Kama ilifunguliwa na kijana wa dukani miaka sita iliyopita na nywila hukuwahi kuijua, utabaki na tofali. Ndiyo maana pia ukinunua simu ya mkononi stendi, iombe ifutwe na iwashwe upya mbele yako. Piga *#06#, namba ya IMEI itakayotokea itume kwenda 15090, usome jibu kama linalingana na simu uliyoshika. TCRA walizima simu bandia Juni 2016, na mchezo huo haujaisha.

Baada ya kuifuta, usikimbilie kusasisha kila kitu. Zima programu zilizokuja na simu ambazo huzihitaji. Usiweke laini. Laini ya mtoto inasajiliwa kwa jina la mzazi, na atakachokifanya nayo kinakurudia wewe. Simu isiyo na laini wala intaneti matundu yake ya usalama hayana madhara makubwa, na betri yake hudumu zaidi, hasa mabondeni huku ambako simu huhangaika kutafuta mnara mchana kutwa.

Bila intaneti atasoma nini? Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, bure. Vipakue kwa simu yako mpya, vihamishie kwenye memori kadi au kwa Bluetooth. Kuna Kiwix, programu huria inayobeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya faili moja na kuifungua bila bando. Kusomea PDF kuna MuPDF, nyepesi mno. Kwa masomo ya video au sauti, VLC. Zote ni za bure. Toleo jipya likikataa kuingia kwenye simu, duka la programu huria la F-Droid huweka pia matoleo ya nyuma, jambo ambalo Play Store haifanyi. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulipenda.

Akiingia mtandaoni siku moja moja kwa kuchangia intaneti yako, anaweza kukuta tovuti inasema muunganisho si salama. Angalia tarehe kwanza. Simu iliyolala bila betri huamka ikidhani ni mwaka 1970, na tovuti zote zitaikatalia. Tarehe ikiwa sawa, basi vyeti vya ndani ya mfumo vimepitwa. Kivinjari cha Firefox hubeba vyeti vyake chenyewe, kwa hiyo toleo linalokubali simu hiyo huenda likafungua pale kivinjari cha zamani kinapogoma.

Vijana watakuambia kuna dawa kubwa zaidi: kufuta mfumo wote na kuweka mwingine. Ni kweli. Msingi wa Android ni programu huria, na tangu Desemba 2016 kundi la LineageOS linatengeneza mifumo kwa simu zilizoachwa na watengenezaji wake. Simu yenye GB 1 inaweza kupata uhai kwa toleo la 14.1, lililojengwa juu ya Android 7.1, ingawa nalo sasa ni la zamani. Lakini tazama kwanza kama simu yako imo kwenye orodha yao. Samsung na Xiaomi kadhaa zimo. Tecno, itel na Infinix, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu, ni nadra kuziona humo. Kufungua simu kwa kazi hiyo hufuta kila kitu, na ikienda vibaya haiwaki tena. Fundi anayesema anaflashi simu yoyote muulize faili anaitoa wapi. Asipokuwa na jibu la kueleweka, chukua simu yako, mshukuru, ondoka.

Kuna pia postmarketOS, iliyoanza 2017 kwa nia ya kuifanya simu idumu miaka 10, na simu ya PinePhone iliyotengenezwa mahsusi kwa mifumo ya aina hiyo. Mazuri kwa kijana wa chuo anayesomea kompyuta. Kwenye simu nyingi za zamani, postmarketOS bado haiwezi hata kupiga simu, kwa hiyo bibi asipewe.

Mwisho, betri. Iweke mezani, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba: isichajiwe tena hata mara moja, wala mtoto asilale nayo. Simu nyingi za miaka ile mfuniko wake unafunguka kwa ukucha, na betri mpya ni ya bei ndogo ukilinganisha na simu. Tundu la chaja likague pia. Kwa mvua ya huku, simu iliyolala droo msimu mzima huota kutu humo ndani. Fundi aisafishe kwa brashi kavu kabla ya kuichomeka kwenye umeme au sola.