Haya Haitoshi Pasipo wa Kuambiwa

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na nafasi za vyuo zikishagawanywa, baadhi ya nyumba za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu hupata habari kwamba binti yao ameitwa chuo cha ufundi kilicho mbali na pwani. Nafasi hizo hugawanywa kitaifa, wala hazifuati mtu kazaliwa wapi, basi mmoja huitwa Kisii, mwingine Nyamira. Wazazi huanza kuulizana: baridi ya milimani ataistahimili vipi, chakula chake kitakuwaje, msikiti uko wapi? Maswali hayo yana majibu mepesi. Baridi ina sweta yake, na mji wa Kisii una Waislamu wa tangu zamani, wakiwamo Wanubi, na msikiti upo.

Liko swali jingine ambalo aghalabu twalisahau. Huko karakanani, ni nani atakayekuwa na mamlaka juu ya binti huyu, na likimfika la kumfika, atamwambia nani?

Kwa kuliuliza swali hili hatukinyoshei kidole chuo chochote. Kisii na Nyamira zina taasisi zenye heshima zao. Kipo Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Kisii, ambacho zamani kilijulikana kwa jina la Gusii Institute of Technology. Ipo Taasisi ya Kiufundi ya Ekerubo Gietai katika kaunti ya Nyamira. Vipo pia vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Tunalolizungumzia ni hali ya mafunzo ya ufundi yenyewe, ambayo popote yafanyikapo yana mambo matatu yatakayo tahadhari.

La kwanza ni ukaribu. Ufundi haufundishwi kwa ubao peke yake. Mkufunzi husimama kando ya mwanagenzi, akamwonyesha namna ya kushika patasi au kuunga nyaya. La pili ni uchache. Katika madarasa ya umeme, makanika na uchomeleaji, msichana huenda akawa mmoja au wawili kati ya wavulana wengi. La tatu, nalo ndilo zito zaidi, ni kalamu. Mwanagenzi hana cheti mpaka mtu fulani aandike kwamba kazi yake imefaa. Akienda mafunzo ya nyanjani katika kiwanda cha majani chai, gereji au ofisi, yuko msimamizi anayetia saini daftari lake. Mwenye kalamu akiwa na tabia njema, kalamu hiyo ni amana. Akiwa na tabia mbaya, huigeuza bei.

Hapo ndipo unyanyasaji unapozaliwa. Aghalabu hauanzi kwa mkono. Huanza kwa neno la mzaha kuhusu umbo la mtu, ujumbe wa simu usiku wa manane, au mwito wa kwenda kuchukua alama ofisini baada ya wenzake kuondoka. Kila hatua ikinyamaziwa, ya pili huwa nyepesi.

Wenyeji wa Kisii na Nyamira, Abagusii, hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika lugha yao haya huitwa ensoni, na miiko ya heshima inayotokana nayo huitwa chinsoni. Miiko hiyo huweka mpaka baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na maneno ya mambo ya chumbani hayasemwi mbele ya mtu wa kizazi cha wazazi. Wala haya hayamhusu baba mzazi peke yake. Huwahusu wote walio katika daraja lake. Kwa mizani hiyo, mkufunzi wa makamo anayemtupia mwanagenzi wake maneno machafu amevunja mwiko ambao babu zake wangeutambua mara moja.

Lakini lipo la pili katika mila hiyo, nalo ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike. Haya hiyohiyo inayomzuia mkubwa asiseme upuuzi humzuia pia mdogo asiseme lililomfika. Msichana atamwambiaje babake maneno aliyoambiwa? Wazee walilijua hilo. Kwa Abagusii, baina ya nyanya na mjukuu ulimi huwa na uhuru ambao haupo baina ya mzazi na mwana. Nasi watu wa pwani tulikuwa na somo, yule mwanamke mtu mzima ambaye kijana hakuona haya kumfungulia kifua. Kwa hiyo wazee hawakuweka mpaka tu, waliweka na sikio. Vyuo vyetu vya leo vina mipaka iliyoandikwa kwenye karatasi, ila mwanagenzi wa siku ya kwanza mara nyingi hajui sikio ni la nani.

Sheria ya nchi nayo imeyaona yote mawili. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, iliyotokana na mswada uliowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule, inamshika mtu mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka mwingine kimapenzi ilhali anajua, au anapaswa kujua, kwamba hatakiwi. Inataja waziwazi kuvuruga kazi au masomo ya mtu na kuyafanya mazingira ya kujifunzia kuwa ya karaha. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji, inayoeleza namna ya kulalamika na kuahidi kutolitoa jina la mlalamikaji ila pale uchunguzi unapolazimu. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi ni pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi kwa mwajiri.

Basi adabu ya kazi ni nini? Ni mambo madogo yanayofanywa kila siku. Mkufunzi aonyeshe kwa kifaa chake mwenyewe badala ya kumshika mwanafunzi. Na ikibidi kumshika kwa ajili ya usalama, aseme kwanza. Mlango wa ofisi uwe wazi. Habari za masomo zipitie kundi la darasa, si simu ya faragha usiku. Alama za kazi ya mikono zikaguliwe na macho ya watu wawili. Wanafunzi wa kiume nao waambiwe siku ya kwanza kwamba mzaha wa matusi si ukaribisho. Na jina la mpokea malalamiko, awe mwanamke mwenye heshima, libandikwe mahali ambapo kila mtu hupita.

Wako wasemao kwamba yote haya huletwa na mavazi ya wasichana. Kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, chatosha kuwanyamazisha. Aliyetakwa alikuwa kijana wa kiume mtumishi, na aliyemtaka alikuwa mwenye nyumba na mwenye kauli. Tamaa ilipata nguvu kwa mamlaka na kwa milango iliyofungwa. Lilipozuka shauri, halikuamuliwa kwa cheo cha msemaji. Kanzu iliangaliwa, ikaonekana imechanwa nyuma. Ushahidi ukanena. Hata hivyo, wakubwa waliamua kuficha aibu yao, na asiye na kosa akaingia gerezani. Tuogope sana kuwa kama wakubwa wale.

Maana sisi wazazi tuna sehemu yetu. Binti akipiga simu kutoka Kisii akasema ataka kurudi nyumbani, neno letu la kwanza lisiwe "ulifanya nini?" Tumwambie: tumekusadiki, hebu tueleze. Asifute ujumbe wowote, aandike tarehe, mahali na aliyekuwapo. Apelekewe malalamiko mkuu wa chuo kwa maandishi, na nakala ibaki. Ikiwa ameguswa kwa nguvu, hospitali iwe ya kwanza, kabla hajaoga wala kubadili nguo, na ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kinga, kisha polisi. Simu ya bure ya 1195 nayo hupokea walio katika dhuluma za kijinsia. Na wasije watu usiku na bahasha ya kulimaliza jambo kimyakimya kwa jina la sitara. Sitara ni ya aliyedhulumiwa. Mwenye kudhulumu akisitiriwa, hupewa mwanagenzi mwingine mwaka ujao. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Na kabla ya safari, sanduku likiwa bado wazi, kila nyumba imteulie msafiri wake mtu mmoja wa kumwambia lolote: shangazi, nyanya, khalati au dada mkubwa. Kisha siku ya kuripoti, mzazi amuulize msajili bila kuona haya: sera yenu ya kuzuia unyanyasaji iko wapi, na nani hupokea malalamiko? Chuo kizuri kitajibu kwa furaha. Kikisitasita, swali hilo limekwisha kuwafaa wanagenzi wote waliomo, kwani kesho yake mtu ataanza kulitafutia jibu.

Wabillahi tawfiq.