Meli Iliyopita Tabora kwa Garimoshi

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, kipimo cha kila shehena kilikuwa bega la mpagazi. Mtu mmoja alichukua kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Sasa tuchukue mfano wa boila la chuma lenye uzito wa tani 10. Kwa hesabu, wapagazi 313 wanatosha. Lakini mabega 313 yatapata wapi nafasi chini ya boila moja? Tena mmoja akijikwaa, sehemu yake ya mzigo huwaelemea jirani zake papo hapo.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilibadili kipimo hicho. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalipita Tabora kwa garimoshi, na meli ikashushwa majini Kigoma tarehe 5 Februari 1915.

Safari hiyo ndiyo husimuliwa zaidi, ingawa kwa maoni yangu fundisho kubwa zaidi la fizikia lilikuja baadaye. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Aliyetaka kuiinua sasa hakuwa na makasha. Alikuwa na meli nzima.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba maji hupunguza sana uzito wa chuma. La hasha! Chuma ni kizito mara 7.8 kuliko maji ya ujazo ule ule. Kwa hiyo tani 1 ya chuma ikizama hupungukiwa kilo 128 tu. Msaada mkubwa umo tumboni mwa meli: kila mita ya ujazo ya maji inayotolewa, hewa ikashika nafasi yake, huongeza nguvu ya kuinua ya tani 1.

Hapo ndipo penye hatari. Maji yaliyobaki hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito, hata meli ikaweza kuwapindukia wapiga mbizi. Tope nalo huing'ang'ania, kisha huiachia ghafla. Ndiyo maana maji hutolewa polepole, chumba baada ya chumba, pande zote mbili zikilinganishwa.

Waingereza waliiibua Machi 1924. Grisi ilikuwa imeihifadhi mitambo, na tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini ikiitwa Liemba.