Mnafiki Huja na Biblia Mkononi

Huenda nawe umewahi kujiuliza kwa nini katika hadithi nyingi mtu mwovu ndiye anayeomba kwa sauti kuliko wote. Wapo akina mama wanaowakataza watoto wao kuvisoma vitabu vya namna hiyo, wakisema vinaitukana dini. Mimi naona tuvisome, tena kwa makini. Mnafiki wa kwenye kitabu haombi bure. Kuna kitu anachokitaka nyumbani kwa mtu.

Mfaransa Molière alimchora mmoja aitwaye Tartuffe. Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1664 mbele ya Mfalme Louis wa 14, ukapigwa marufuku, na haukuruhusiwa kuonyeshwa hadharani kwa uhuru hadi 1669. Tajiri Orgon anamwona Tartuffe kanisani akipiga magoti na kuugua kwa sala, anaguswa, anamchukua kuishi kwake. Siku moja Orgon anarudi kutoka safari. Dorine, mtumishi wa kike, anamweleza kwamba mama mwenye nyumba alikuwa na homa, kichwa kikimuuma, usiku hakulala. Orgon anauliza, na Tartuffe je? Anajibiwa kwamba Tartuffe amekula akashiba na kulala fofofo. Orgon anamwonea huruma Tartuffe! Mimi ni muuguzi, na hapo ndipo nilipojua nyumba hiyo inaumwa. Mume asiyeuliza homa ya mkewe ameshatekwa.

Hatimaye Orgon anataka kumwoza binti yake kwa mtu huyu ingawa ana mchumba, anamfukuza mwanawe, na kumwandikia Tartuffe mali yake yote. Elmire, mkewe, habishani naye. Anamficha mumewe chini ya meza, kisha anamwita mtu wa Mungu aingie chumbani. Orgon anasikia kwa masikio yake jinsi mgeni wake anavyomtongoza mke wa watu. Anapotoka chini ya meza na kumfukuza, Tartuffe anamjibu kwamba wa kuondoka ni yeye Orgon, maana nyumba si yake tena. Karatasi zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi, na bila mfalme kuingilia kati familia ile ingelala nje.

Mchezo wa pili ni wa huku kwetu, na una majina ambayo msomaji wa Biblia hawezi kupita bila kusimama. Kumbuka shamba la Nabothi (1 Wafalme 21). Ahabu analitamani, Yezebeli analitafutia njia. Na njia yenyewe inaanzaje? Kwa kutangaza mfungo! Watu wanakusanyika kana kwamba ni ibada, kisha Nabothi anasingiziwa na kuuawa.

Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliwaita matajiri wa mchezo wao Ahab Kioi na Jezebel. Waliuandika kwa Kikikuyu, ukachezwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977. Baada ya wiki chache serikali ya Kenya iliusimamisha, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Kwa Kiswahili unaitwa Nitaolewa Nikipenda.

Kiguunda, kibarua wa Kioi, ana ekari moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Binti yake Gathoni ana uhusiano na mtoto wa Kioi. Matajiri hao wanapofika kumtembelea, mama yake, Wangeci, moyo unamruka: wamekuja kuposa! Kumbe wamekuja kuwaambia kwamba ndoa yao ya kimila ni dhambi, wafunge ndoa kanisani. Wazazi wanajiambia kwamba labda ndiyo njia ya kumwoza binti. Harusi inataka fedha, kwa hiyo Kiguunda anakopa benki, Kioi akiwa mdhamini na hati ikiwa rehani. Kisha Gathoni anapata mimba na kijana anamkana. Kiguunda anapodai haki ya mwanawe anafukuzwa kazi, mkopo unadaiwa, shamba linapigwa mnada na Kioi analinunua.

Kliniki nimewapima akina Gathoni wengi, na mama zao wamekaa kwenye benchi nje. Siwezi kumcheka Wangeci. Orgon alinaswa kwa kutaka wokovu, yeye alinaswa kwa kutaka mwanawe aolewe vizuri, na ni mama gani asiyetaka? Ndiyo maana Kioi hakuja kuomba shamba. Alikuja kuzungumza habari za dhambi, na anayeambiwa anaishi katika dhambi huona haya kuuliza mgeni wake atafaidika nini.

Katika nyumba ya Kiguunda hapakuwa na Elmire wa kumweka mtu chini ya meza asikie. Sehemu ya mwisho ya mchezo inapoanza, pale ukutani palipokuwa na hati ya shamba pametundikwa ubao wenye maneno ya Kikristo.