Fahamu: Kwa nini Komoro si ya kubezwa kwenye mechi ya kirafiki

Udogo wa nchi, ukubwa wa kikosi

Komoro ilijiunga na FIFA mwaka 2005, na watu wake hawafiki milioni moja. Takwimu hizo hupotosha, kwani wachezaji wake wengi wamelelewa kisoka Ufaransa, hasa Marseille.

Je, walibahatisha?

Walipoifunga Ghana 3-2 kwenye AFCON, Januari 2022, ilisemwa kadi nyekundu ya André Ayew iliwabeba. Ilisaidia, ndiyo. Lakini Novemba 2023 waliifunga tena Ghana 1-0 mjini Moroni, na Oktoba 2024 wakaichapa Tunisia 1-0 ugenini. Hata walipotolewa na Kameruni 2022 kwa 2-1, walikuwa pungufu tangu dakika ya saba, na golini alisimama beki, Chaker Alhadhur, namba 3 ikiwa imebandikwa kwa utepe kwenye jezi ya kipa.

Kirafiki je?

Hapo tahadhari inahitajika. Makocha hubadilisha wachezaji wengi, na benchi la Komoro si pana. Kipindi cha kwanza kitaeleza mengi kuliko matokeo ya mwisho, hasa namna mabeki wanavyojipanga wakipoteza mpira.