PyOTP: Kifurushi cha Tarakimu Sita

PyOTP ni maktaba ndogo ya lugha ya Python inayotengeneza na kukagua namba za siri za kutumika mara moja, zile tarakimu sita zinazobadilika kwenye simu kila sekunde 30. Kanuni yake, RFC 6238, ilichapishwa mwaka 2011. Simu na seva huwa na ufunguo mmoja wa siri. Kila upande huhesabu vipindi vya sekunde 30 vilivyopita tangu Januari 1, 1970, huichanganya hesabu hiyo na ufunguo, kisha hupunguza jibu libaki tarakimu sita. Saa zikipishana sana, namba hukataliwa hata kama ufunguo ni uleule.

Ili maktaba ya namna hii isakinishwe na mtu mwingine, lazima ifungwe kuwa kifurushi. Siku hizi kazi huanzia faili la pyproject.toml, linalotaja jina, toleo, leseni na maktaba nyingine zinazohitajika. PyOTP haihitaji yoyote, maana hesabu zote za siri zimo tayari ndani ya Python. Kwa chombo cha ulinzi hilo ni jambo kubwa: kila maktaba ya ziada ni mlango mwingine wa kulindwa.

Kinachopatikana ni faili la .whl, yaani gurudumu. Si la gari bali la jibini, kwa kuwa PyPI, ghala kuu la vifurushi vya Python, iliwahi kuitwa duka la jibini kwa mzaha wa kundi la vichekesho la Monty Python. Kwa undani ni faili la zipu tu. Jina lake, mfano pyotp-2.9.0-py3-none-any.whl, hueleza mengi: toleo la 2.9.0, linakubali Python 3, linafanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Ndani yake, faili la RECORD huorodhesha kila kilichomo pamoja na alama yake ya SHA-256, na pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, huifuata orodha hiyo inapoondoa kifurushi.

Ubora wa gurudumu uko kwenye usakinishaji: pip hunakili mafaili mahali pake bila kuendesha amri za mwandishi. Mtindo wa zamani wa setup.py uliziendesha, na mwenye nia mbaya aliweza kuficha chochote humo.

Tangu Januari 1, 2024, hakuna anayepakia kifurushi PyPI bila akaunti yenye uthibitisho wa hatua mbili, na njia mojawapo inayokubalika ni hizohizo tarakimu sita.